Saa ya Kuhama

King'ora kililia kifuani mwa Nabwire. Sitanii. Simu alikuwa ameisokomeza ndani ya sidiria, mahali mwanamke wa Kibera anapoweka kila kitu asichotaka kiibiwe, na mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni pake pale mtaa wa Raila akipepeta mchele wa jioni. Kitu kikalia uuuwi, uuuwi, kama gari la zimamoto. Ungo ukaruka, mchele wote chini. Kuku wa jirani hawakungoja kukaribishwa.

Aliichomoa. Simu yenyewe ilikuwa imeingia nyumbani asubuhi hiyo tu. Mumewe Shiundu, seremala aliyefanya kazi kule Kawangware, alimpa muuzaji wa simu kuukuu simu yake ndogo ya mulika mwizi na pesa kidogo juu, akapewa hii kubwa yenye kioo kilichopasuka pembeni. Wakabaki na simu moja wawili wao. Shiundu akasema ikae kwa mkewe, Mama Whitney, maana ndiye anayeamka kukaanga mandazi, na hata alimwomba yule muuzaji amwekee kabisa alamu ya saa kumi na moja alfajiri. Muuzaji akabonyeza bonyeza, akasema tayari mzee, hii itakuamsha hata kama umekufa.

Sasa kwenye kioo kulikuwa na picha ya majumba yaliyolala chini, mabati yamekunjamana, moshi, na mtu mmoja juu ya vifusi, amevaa usoni kitu kama pua ya nguruwe. Tarakimu nyekundu zilikuwa zinakimbia kurudi nyuma. Chini yake maandishi ya Kiingereza, mengi.

"Whitney! We Whitney! Kuja haraka!"

Whitney, mtoto wao wa pekee, alikuwa Gredi ya Saba, na kila karatasi iliyoingia nyumba ile ilipita kwake kwanza. Alitoka ndani na sare yake ya shule, akaichukua simu, akasoma kimya, midomo ikicheza. Nabwire akamwona anavyobadilika uso.

"Inasema aje?"

"Mum, inasema tuhame."

"Nani ahame?"

"Watu wote. Inasema hili ni onyo la kwanza. Eneo lenu litaangamizwa. Mwisho wa kuhama ni saa kumi na moja alfajiri. Bebeni maji na vitu mnavyoweza kubeba." Akasogeza kioo kwa kidole. "Msimwamini yeyote atakayewaambia mbaki. Na atakayepatikana hapa baada ya hapo hataokolewa."

"Woi, Mungu wangu!"

Hiyo haikuwa sauti ya Nabwire. Ilikuwa ya Mama Billy, jirani wa chini, aliyekimbilia king'ora na mtoto mgongoni. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabisa, imekaa karibu na mto mpaka mvua ikinyesha alikuwa anapandisha godoro juu ya meza. Wiki iliyopita watu waliovaa vizibao vya kung'aa walipita huko chini, wakampaka ukutani alama nyekundu kama ile ya nyumba za kubomolewa, bila hata kumsalimia, wakaenda zao. Tangu hapo usingizi ulikuwa umemhama. Nyumba ya Nabwire, iliyokuwa juu kidogo penye ardhi kavu, haikupakwa kitu.

"Nilijua," Mama Billy akasema. "Si niliwaambia? Nilisema hawa watu hawawezi paka rangi ya bure."

Wewe uliyekaa kwenye kiti chako utasema, si angeuliza kwanza? Haya, angemuuliza nani? Shiundu hakuwa na simu. Mwenyekiti wa mtaa wao, Isaac, alikuwa mlinzi wa usiku huko Industrial Area na alishatoka. Walimwendea mkewe. Mkewe akasema, "Kama kungekuwa na kitu, Isaac angeniambia. Kaeni manyumbani mwenu." Nabwire na Mama Billy wakatazamana. Msimwamini yeyote atakayewaambia mbaki. Wakarudi mbio.

Na kuna kitu ambacho kila mtu wa Raila anakijua bila kufundishwa. Ukisikia tingatinga linakuja, unabomoa mwenyewe. Mabati ukiyang'oa kwa mkono yanabaki mabati. Tingatinga likishayapitia, hata mtu wa chuma chakavu anayageuza geuza na kukunja pua. Nabwire aliyaona mwaka ule walipobomoa ng'ambo ya mto. Aliona mama mmoja amekalia rundo la vyuma vilivyokuwa nyumba yake, anapiga makofi polepole kama aliye kanisani. Aliyebomoa mapema alijenga kwingine jioni ileile. Aliyengoja alilala nje.

Lakini kubomoa nako kuna upande wake wa pili. Ardhi ile haina karatasi. Ni yako kwa sababu nyumba yako imesimama juu yake. Ikilala, hapo mahali ni pa mtu yeyote mwenye nguzo na nyundo. Nabwire alilijua hilo pia. Alisimama katikati ya chumba chake, akatazama kitanda alichotengenezewa na mumewe, pazia, jiko, kalenda ya kanisa. Alitamani Shiundu atokee mlangoni amwambie la kufanya, na Shiundu hakutokea.

Simu ikalia tena. Uuuwi.

Nabwire akapanda juu ya meza na nyundo mkononi, akang'oa msumari wa kwanza.

*

Mlio wa bati linalong'olewa unajulikana. Hauhitaji kutangazwa. Nabwire alipoangusha bati la pili, Tonny kinyozi alitoa kichwa nje.

"Mama Whitney, kwani kuna nini?"

"Wanabomoa asubuhi! Imetumwa kwa simu!"

"Nani ametuma?"

"Tonny, unangoja wakuandikie barua?" Mama Billy akamjibu, tayari amekumbatia nguzo ya kwake.

Basi, kwisha. Mstari mzima wa nyumba ukashika moto usio na moto. Watu walibomoa kwa nyundo, kwa mawe, kwa michi ya kutwangia. Watoto wakaketishwa juu ya magodoro njiani. Mtu akauliza ni kweli, mwingine akamjibu huoni Mama Whitney ameshang'oa? Na huyo mwingine alikuwa hajaiona hiyo simu, wala hakuuliza kuiona. Nyanya Nasike, mjane aliyekuwa akiuza kuni, alipanda kigoda afungue pazia lake. Kigoda kikateleza, akaangukia mkono. Alivyolia, Nabwire alisikia mpaka kwenye meno. Wakati watu wanamwinua, kijana asiyejulikana alipita na mashine za kunyolea za Tonny ndani ya gunia, na hakuna aliyegundua ila baadaye.

Shiundu aliingia jua likizama, msumeno begani, akapita nyumba yake. Kweli, aliipita, maana hapakuwa na nyumba. Akarudi nyuma.

"Mama Whitney. Nyumba iko wapi?"

"Hii hapa," Nabwire akasema, akiyaonyesha mabati yaliyopangwa vizuri, makubwa chini, madogo juu. Ndipo machozi yakamtoka.

Shiundu alitazama simu. Kiingereza chake kilikuwa cha vipimo vya mbao. Alitazama zile picha, akatazama namba zinazokimbia, akawatazama majirani wanaofunga vitu kwa kamba. Mwanamume mwingine angegomba. Yeye aliketi juu ya mabati akavua kofia.

"Umefanya vizuri," akasema mwishowe. "Ungengoja mimi tungechelewa." Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua anaongea nini.

Wakakodi mkokoteni, wakapakia, wakashika njia ya Kawangware. Walipopita chini, Mama Billy alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto ananyonya.

"Unaenda wapi wewe?" Nabwire akamuuliza.

"Nitaenda wapi? Mimi sina fundi wa kunipeleka Kawangware." Alisema bila hasira, na Nabwire akausukuma mkokoteni.

*

Gerishon, mwenye ploti ya nyumba za kupanga alimofanyia kazi Shiundu, alikuwa mtu wa hapo tangu Kawangware ikiwa mashamba ya baba yake. Hakuwafukuza, hilo nalisema wazi. Aliwasimamisha getini, akauangalia mkokoteni kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Shiundu, wewe ni mfanyakazi mzuri. Lakini hii ni ploti ya wapangaji. Hayo mabati yakae nje ya geti."

"Yataibiwa, mzee."

"Basi weka nyuma ya choo. Na mlale kwa karakana. Leo tu."

Mkewe Waithira akaongeza yake kutoka mlangoni. Kuku hawaruhusiwi, je, wana kuku? Hawana? Vizuri. Maji ya bomba ni ya wapangaji. Choo wakiingia wamwage maji yao wenyewe. Na mtoto asiguse viti vya wateja vilivyopakwa vanishi. Nabwire aliitikia kila neno, asante mama, asante mama, mpaka Whitney akaona haya akageuza uso. Walilala juu ya takataka za randa, karibu na vitanda vitatu vikubwa vya wateja ambavyo hawakuruhusiwa kuvilalia. Vyote Shiundu ndiye aliyevitengeneza.

Nabwire hakufumba jicho. Alikuwa anaisubiri alfajiri kama anayesubiri kuchomwa sindano. Aliwaza Raila, aliwaza matingatinga yanashuka kutoka mtaa wa Makina na taa zake, aliwaza mkono wa Nyanya Nasike. Simu aliilalia ili isimwamshe mtoto.

Ilipofika saa yake, ililia kuliko jana. Haikuwa king'ora tu, kulikuwa na milio ya mabomu na mtu anakohoa. Ploti nzima iliamka. Mlango huu ukafunguka, ule ukafunguka, mtu akapiga kelele mwizi, mwingine moto. Nabwire alisimama katikati ya ua, simu mkononi, akisema, "Wameanza! Wameanza kubomoa!"

Wanja, binti ya Gerishon, mwanafunzi wa chuo, alitoka amejifunga leso kichwani, akamnyang'anya simu. Akabonyeza mahali. Kimya.

"Ngai! Si hii ni saa?"

"Saa gani?"

"Saa, auntie. App ya saa. Ya mambo ya mwisho wa dunia, watu wanaeka kwa simu juu ya kujibamba, mchezo tu." Akamwonyesha. "Ona, mtu ameset alarm ya saa kumi na moja. Sasa badala ya kulia kawaida, inaanza jioni kukuonya uhame, hewa ni sumu, ndio ikushtue uamke. Ukiamka inakupongeza. Hapa inasema umeokoka siku ya kwanza."

"Kwa hivyo hakuna tingatinga?"

"Tingatinga ya nini?"

Gerishon naye alikuwa ametoka na tochi. Alipoelewa, alianza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia. "Shiundu! Umebomoa nyumba kwa sababu ya saa?" Na wapangaji wakacheka. Yule wa mlango wa kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Nabwire alisimama palepale akisikiliza kicheko kikimzunguka, na hakikumuuma sana, maana alikuwa anafikiria kitu kingine kabisa. Alikuwa anafikiria ule mstari mzima.

Whitney alikuwa amejikunyata karibu na mlango wa karakana, ngumi mdomoni.

"Mum, ni mimi nilisoma."

"Nyamaza."

"Lakini ni mimi nilisema tuhame."

"Nimesema nyamaza, Whitney." Akamvuta kifuani, na mtoto alikuwa baridi kama bati.

*

"Tusirudi," Shiundu akasema kulipokucha, akifunga kamba za mkokoteni. Mikono yake ilikuwa inafunga kwenda, mdomo unasema kukaa. "Au tukirudi, tuseme serikali imeahirisha. Nani atajua?"

"Wakiambiwa imeahirishwa hawatajenga. Watakaa nje na watoto."

"Na wakiambiwa ni saa watatuua, Mama Whitney. Umeona watu wa pale wakikasirika. Hawaulizi maswali."

Nabwire aliinama kukaza kamba. Alikuwa ameona. Aliwahi kuona mtu akikimbizwa kwa mawe kwa sababu ya wizi wa mtungi wa gesi tu, na huyo hakuwa ameangusha nyumba ya mtu.

Walifika Raila jua limeshapanda. Mstari wao ulikuwa kama mdomo wa mzee: hapa jino, hapa pengo, pengo, pengo. Watu walikuwa wameketi juu ya vitanda katikati ya njia kama wageni wa harusi iliyovunjika. Na kwenye kiwanja cha Nabwire, palepale kitanda chake kilipokuwa, zilikuwa zimesimamishwa nguzo nne. Mama Billy alikuwa anapigilia bati. Lile bati lenye alama nyekundu alikuwa ameligeuza, alama ikatazama ndani.

Nabwire alisimama. Mama Billy akamwona, akaendelea kupigilia.

"Mama Billy, hapo si ni kwangu?"

"Wewe si ulihama?"

Kabla hajapata neno, Isaac akapaza sauti. Alikuwa bado na sare yake ya ulinzi, watu wamemzunguka, macho mekundu kwa usingizi. "Nimeuliza huku na huku. Hakuna anayejua kitu juu ya kubomoa. Hakuna! Sasa nataka kujua, nani alipata hiyo message?"

"Huyo mtu apatikane tu," Tonny akasema. Alikuwa ameshika mpini wa jembe. "Apatikane tu, mimi sitaki mengi." Nyanya Nasike alikuwa ameketi nyuma yake, mkono umefungwa kwa leso.

Nabwire alipiga hatua mbele. Shiundu alimshika kiwiko, akakibana, maana yake usiseme. Nabwire akasema.

"Ni mimi. Ni simu yangu. Na haikuwa message. Ni alamu. Baba Whitney aliniwekea alamu ya kuamka, na hiyo saa ndiyo inaongea hivyo. Mnisamehe."

Hakuna aliyeelewa mara ya kwanza. Ikabidi arudie, na kurudia ndiko kulikomwaibisha zaidi, kueleza mbele ya watu wazima jinsi saa ilivyombomolea nyumba. Mtu mmoja alicheka, akajikuta peke yake, akaacha.

"Saa!" Tonny akapiga kelele. "Mashine zangu zimeenda kwa sababu ya saa? Na ni nani alisoma huo upuzi? Wewe Kiingereza umejulia wapi, Mama Mandazi?"

Nabwire alihisi vidole vya Whitney vikishika gauni lake kwa nyuma.

"Nilisoma mwenyewe," akasema. "Nilisoma vibaya."

Tonny alipiga hatua mbele na ule mpini wake. Wengine wawili wakamfuata. Isaac akaingia katikati, mikono juu, na ikachukua muda, maneno mengi, matusi mengi zaidi, mpaka Nyanya Nasike aliposema kwa sauti ndogo kwamba yeye amechoka na anataka paa. Hapo ndipo wakatulia.

"Sikilizeni," Isaac akasema. "Shiundu ni fundi. Nyumba zote zilizoanguka ataziinua, akianza na ya Nyanya, na yake iwe ya mwisho. Na kila mtu arudi kwake alikokuwa jana. Mama Billy, ng'oa hizo nguzo."

Watu wakakubali. Shiundu akavuta pumzi. Hata Nabwire, kwa dakika ile, aliona kwamba wameokoka.

Mama Billy akaweka nyundo chini. Akamvuta mtoto vizuri mgongoni.

"Nitang'oa, cheya," akamwambia mwenyekiti. "Lakini kabla sijang'oa nina neno. Mimi nilikuwepo hiyo simu ikisomwa. Nilisikia sauti ya aliyesoma."

Hakumtazama Nabwire. Alimtazama Whitney.

"Sauti ya nani?" Tonny akauliza.

Nabwire alimwangalia Mama Billy, akataka kumchukia, na akamchukia kweli. Lakini aliona pia jinsi mdomo ulivyomkauka, kama mtu ambaye hajawahi kufanya kitu kama hicho na hajui kama ataweza kukimaliza. Alikuwa anaogopa mto kuliko alivyoogopa dhambi. Tonny bado alikuwa na ule mpini.

"Cheya," Nabwire akasema haraka, "wacha Mama Billy akae hapo hapo. Ana mtoto mdogo na kule chini maji humwingilia. Mimi nitashuka."

Isaac alikunja uso. "Kule kwa alama? Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria."

"Mama Whitney, umeingiwa na wazimu?" Shiundu akamnong'oneza. "Kule ndiko watakuja kwanza. Hata leo wakija, ni kule."

"Baba Whitney, shika mkokoteni."

"Niambie basi kwa nini."

"Shika mkokoteni, nimekwambia!"

Tonny alikuwa bado anamngoja Mama Billy. "Haya, ulisema ulisikia sauti ya nani?"

Mama Billy aliokota nyundo yake. "Ya mama yake Whitney," akasema, akageukia bati.

*

Shiundu aliitwa juu kwa Nyanya Nasike, akaenda na msumeno bila kusema kwaheri. Nabwire na bintiye walibaki kule chini, penye harufu ya maji machafu, na mabati yao wenyewe, na jembe la kuazima.

"Mum, nitaenda niwaambie ni mimi."

Nabwire alimshika mabega, akamtikisa, kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Wewe hukusoma kitu. Hukushika simu. Ulikuwa ndani unafanya homework. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Nilikuwa ndani nafanya homework."

"Na baba yako pia usimwambie kwa nini tuko huku." Alimwachia, akamfuta kamasi kwa upindo wa leso yake mwenyewe. "Sasa toka hapo nichimbe."

Akachimba shimo la nguzo ya kwanza. Udongo wa pale ulikuwa laini, jembe lilizama bila kazi, na kabla shimo halijafika magotini maji yakaanza kujaa ndani yake kutoka chini. Nabwire aliyatazama kidogo. Akasogea juu hatua moja, akaanza shimo lingine.